Jedidah Mukami Nyamu: Mama Aliyetukalisha Kando ya Maji

Jamaa, majirani na wote mliopanda mlima huu mkiteleza kwenye matope, karibuni. Marehemu hakupenda wasifu mrefu. Katika mazishi ya wengine alikuwa akimminya mkono aliyeketi karibu naye na kunong'ona, "Wii, huyu wanayemsoma ni nani? Yule tuliyemjua sisi alikuwa na mdomo." Basi na yeye leo tutamsoma jinsi alivyokuwa, mdomo wake ukiwemo.

Jedidah Mukami alizaliwa mwaka wa 1931 karibu na Kianjokoma, huku juu penye baridi, chini ya msitu wa Mlima Kenya. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Muriithi na Mama Rwamba. Kitambulisho chake kinasema Januari mosi, lakini tarehe hiyo aliwekewa na karani mwenye haraka. Yeye alishikilia kwamba alizaliwa njahi, yale maharage yetu meusi, zikitoa maua, kama mama yake alivyomwambia, na hakuna aliyewahi kushinda ubishi huo.

Alisoma katika shule ya misheni ya Kigari kuanzia mwaka wa 1940 hadi darasa la nne. Alijua kusoma, kushona na kuimba sauti ya pili. Mwalimu wake alimsimamisha mlangoni mara nyingi kwa kosa la kuongea, na walioketi naye walisema aliendelea kuongea na wapita njia. Aliacha shule mama yake alipougua na nyumba ikahitaji mikono.

Tarehe 20 Agosti 1949 alifunga ndoa kanisani na Nyamu wa Ireri, seremala, baada ya wazee kumaliza mambo ya mbuzi na pombe ya miwa. Mwaka wa 1951 walijaliwa mtoto wa kwanza, Ireri, aliyepewa jina la babu yake kama inavyotakiwa. Alisema miaka hiyo miwili ilikuwa mizuri, tena haina hadithi.

Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari Oktoba 1952. Septemba 1954 homgadi, askari wenyeji wa serikali hiyo, walikuja asubuhi wakamchukua Nyamu akiwa na randa mkononi, kwa madai kwamba ni Mau Mau. Aliyewaongoza alikuwa Gitari, mkubwa wa homgadi wa eneo hilo, mtu waliyekuwa wakiketi naye benchi moja kanisani. Mukami alikuwa na mimba changa ambayo hata Nyamu hakuwa ameambiwa. Mwezi uliofuata nyumba zilichomwa, na watu, Mukami na Ireri wakiwemo, wakakusanywa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki na vijiti vilivyochongwa. Kutwa nzima wanawake walichimba handaki lingine kwenye ukingo wa msitu. Jioni walipewa muda mfupi wa kuteka maji na kuokota kuni, homgadi akiwa nyuma yao na filimbi, kabla ya kafyu.

Humo kijijini, tarehe 11 Machi 1955, Mukami alijifungua msichana. Kwa desturi yetu mwanamke akijifungua, wenzake humletea kuni na uji, wakaketi naye mpaka mwili na roho virudiane. Lakini mikutano ilikuwa marufuku, hata mkutano wa wanawake wawili na sufuria. Hakuna aliyemletea kitu. Alirudishwa kwenye handaki kabla hajapata nguvu, na maziwa yakakauka. Mtoto alilia, kisha akaanza kulia kidogo, na kila mama aliye hapa anajua kilio kidogo ni kibaya kuliko kikubwa. Mukami mwenyewe, yule wa mdomo, alinyamaza. Alikuwa akimtazama mtoto kana kwamba ni wa jirani.

Mama Runji, mkunga mzee aliyemzalisha, ndiye aliyemlazimisha amchukue mtoto kwenda naye kijitoni, pale kinapoingia katika mto Kapingazi. Siku hiyo Karambu naye alikuwa pale akijaza debe. Karambu alikuwa msichana wa Kimeru, wa Imenti, aliyeletwa huku kuolewa. Wanawake walimwepuka kwa sababu mumewe ni nani? Gitari. Mgongoni alikuwa na mwanawe, Muthamia, aliyekuwa bado akinyonya.

Karambu alisikiliza kile kilio, akaweka debe chini, akamtoa mtoto mikononi mwa Mukami bila kuomba ruhusa.

"Nirudishie mtoto wangu," Mukami alisema. "Mume wako alimchukua baba yake. Sasa wewe umetaka huyu?"

"Chuki yako haina maziwa, mama," Karambu akajibu. "Mimi ninayo. Mwache ashibe kwanza, halafu utanichukia."

Mtoto akashika titi. Wale wanawake waliketi kwenye jiwe wakimngoja amalize, na hawakuwa na la kuambiana. Wangeongea nini? Waume? Handaki? Habari za kijiji? Kila neno lilikuwa na damu ndani yake. Mama Runji akawaambia, "Kama hamna neno jema, sikizeni maji." Wakayasikiliza. Mbega walikuwa wakiruka kwenye miti ng'ambo, na majani ya migomba yaliyopasuka yalikuwa yakipigwa na upepo. Filimbi ilipolia, mtoto alikuwa amelala.

Kuanzia hapo ikawa kila jioni. Karambu ananyonyesha watoto wawili, mmoja huku na mmoja huku, Mama Runji analeta uji kidogo kwenye kibuyu, wanapokezana, na hakuna anayefungua kinywa. Mukami alitusimulia kwamba hiyo ndiyo saa pekee ya siku aliyojua kwamba miguu ni yake na masikio ni yake. Alianza kuona vitu: kaa chini ya jiwe, harufu ya udongo uliolowa, mkono wa mtoto ukimshika Karambu kidole. Siku moja alijikuta anacheka na hakujua kwa nini. Mama Runji akasema, "Haya, amerudi."

Basi Juni mwaka huo homgadi mmoja kijana alijificha kwenye migomba kuwachunguza. Akaona nini? Wanawake watatu wamekaa duara katikati ya migomba, kibuyu kinazungushwa, mtoto anapokewa mkono kwa mkono, na hakuna anayeongea. Kibuyu na migomba, ingawa vilitumika kwenye viapo vya msituni, angeweza kuvisamehe. Lakini wanawake watatu mtoni, kimya? Hakuwahi kuona kitu kama hicho tangu azaliwe. Akaamua ni lazima wanakula kiapo cha Mau Mau. Akapiga filimbi, akawashika Mukami na Mama Runji. Karambu alipotaka kusimama nao, yule kijana, kwa kumwogopa Gitari, alimwambia, "Wewe nenda nyumbani. Sikukuona."

Asubuhi kijiji kizima kililetwa uwanjani mbele ya Mzungu wa tarafa. Mkalimani alieleza kwamba hao wawili wamekutwa wakilishana kiapo. Hukumu haikuwa na mzunguko: wanawake waende kizuizini, mtoto aachwe kijijini na yeyote atakayemtaka. Mukami alielewa maana yake. Zaidi ya Karambu, hakuna kijijini aliyekuwa na maziwa ya ziada, na mke wa Gitari asingeruhusiwa kumchukua mtoto wa Mau Mau. Wenyewe walikuwa mifupa. Mtoto angekufa. Mukami alipiga magoti kwenye vumbi, na alisema baadaye kwamba sala yake ilikuwa fupi: Mungu, mwambie yule Mmeru aseme.

Karambu alikuwa amesimama upande wa pili, na wake za homgadi, Muthamia mgongoni. Angenyamaza, hakuna ambaye angemlaumu. Mumewe alikuwa pale na bunduki.

Alivuka uwanja. "Na mimi nilikuwepo," alisema.

Mkalimani akasita, akamtazama Gitari. Mzungu akauliza huyo mwanamke anasema nini. Ikabidi atafsiri.

"Ulikuwa ukifanya nini hapo?"

"Nilikuwa nikinyonyesha. Huyu mtoto hajala kiapo. Amekula maziwa yangu."

Watu wakaguna. Karambu akamchukua mtoto, akaketi chini pale pale katikati ya uwanja, akafungua nguo. Mtoto hakutafuta, alienda moja kwa moja, kama anayeingia nyumbani kwao. Mzungu alitazama kidogo, akageuza uso, akasema watu warudi kazini. Kesi ikaishia hapo.

Ya Karambu ndiyo iliyoanza. Jioni hiyo Gitari alitupa vitu vyake nje. Mke wa homgadi kumlea mtoto wa Mau Mau, tena hadharani! Alimnyang'anya Muthamia, akampeleka kwa ndugu zake, na mtoto akalelewa akiambiwa mama yake alikufa. Hilo linauma na hatutalipaka sukari. Alipotafutwa baada ya uhuru, kaburi la Gitari lilipatikana lakini Muthamia hakupatikana. Karambu aliporuhusiwa kwenda kwao Meru, baba yake alimwambia mbuzi wa mahari walishaliwa, arudi kwa mumewe. Alirudi, lakini kwa Mukami. Kibanda kilikuwa kidogo, wakalala wote upande mmoja.

Msichana alikuwa bado hana jina. Kwa desturi alipaswa kuitwa Kawira, jina la mama yake Nyamu. Mukami alimwita Kiende, jina la mama yake Karambu. Watu walishangaa. Akawaambia, "Nani alimlisha?"

Walichimba handaki pamoja, na jioni waliketi kijitoni kama kawaida, na wanawake wengine wenye watoto wachanga wakaanza kujiunga, wa upande huu na wa upande ule. Homgadi waliwaacha. Walikuwa wameshaambiwa ni kunyonyesha tu.

Nyamu aliachiliwa Novemba 1959. Alifika amekonda, akamkuta mke wa Gitari anapika kwenye meko yake na msichana wa miaka minne anayemwita mama. Mukami alimweleza kwamba ni wake, aliyemwacha tumboni bila kujua, naye akauliza anaitwa nani. Alipoambiwa Kiende, alimgeukia mkewe.

"Mama Ireri," alisema, "umemruka mama yangu ukampa binti yangu jina la watu wa huyu? Mumewe ndiye aliyenifunga kamba. Chagua. Mimi au yeye."

"Baba Ireri, nimekungoja miaka mitano na nimekulilia," Mukami akamjibu. "Lakini ungerudi ukute kaburi dogo kama si huyu. Wewe ukitaka kukaa, kaa. Ukitaka kwenda, nenda. Yeye haendi."

Nyamu alikaa nje, hakugusa chakula. Kesho yake Mukami alimshika mkono kama mgonjwa, akampeleka kijitoni, akamketisha kwenye jiwe na hakumwambia neno. Walishinda pale. Nyamu hakutuambia kamwe alisikia nini. Tunachojua ni kwamba walirudi macho yake yakiwa mekundu, akatafuta msumeno, na wiki hiyo hiyo akaanza kukata mbao za nyumba ya Karambu. Walijaliwa Kawira mwaka wa 1961, na jina la mama mkwe likapata mwenyewe, kisha Muriithi mwaka wa 1964.

Kazi ya marehemu ilikuwa kahawa, mahindi, na kuuza mboga soko la Kianjokoma. Lakini wengi wenu mlimjua kwa kazi ambayo hakuna aliyemwajiri. Binti yeyote akijifungua mtaani, Mukami na Karambu walifika na kuni na uji, na mtoto akipata nguvu walimchukua mama yake mpaka kijitoni. Wasichana wa siku hizi walikuja na simu. "Weka hiyo," aliwaambia. "Sikiza maji kwanza, halafu utaniambia yule mume amefanya nini." Wakunga wa zahanati walimcheka mwanzoni, kisha wakaanza kumtumia watu. Hapa wapo akina mama wengi waliopata marafiki wao wa maisha juu ya lile jiwe, na wapo watatu au wanne waliopanga kumwacha mtoto mlangoni kwa mtu na hawakumwacha.

Mzee Nyamu alitutangulia mwaka wa 1998. Mwaka wa 2009 marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari, na miaka miwili iliyopita figo zikaanza kuchoka. Alihamishiwa kwa Kawira, mtaa wa Majimbo, Embu mjini, awe karibu na matibabu. Alilalamika kwamba Majimbo hakuna maji yanayoongea ila ya mfereji, na mfereji una siku zake. Karambu alihama naye. Aliaga dunia Jumamosi, tarehe 3 Mei 2014, kukipambazuka, Karambu akimkanda miguu.

Ameacha watoto wake Ireri, Kiende, Kawira na Muriithi. Wajukuu na vitukuu, wengi wao wakiwa wamesimama hapa. Na dada mmoja, Karambu, ambaye hakuzaliwa naye.

Limebaki jambo moja, na familia imeamua lisemwe hadharani. Mwanamke aliyefukuzwa na mume na kukataliwa na baba hana udongo. Sote tunajua anakozikwa, ni vile tu hatusemi: mpakani, au kwenye makaburi ya serikali. Mwaka wa 2012 marehemu aliwaita wanawe hapa shambani, akawaonyesha. "Kulia kwangu ni baba yenu, alishafika. Kushoto kwangu ni pa Karambu. Mtu asipande migomba hapo."

Ireri, akiwa ndiye mkubwa wao, aliuliza ukoo utasema nini.

"Ukoo ulikuwa wapi Kiende akilia?" Mukami akamwuliza.

Kwa hiyo mtakaposhusha jeneza, mtaona ardhi iliyopimwa upande wa kushoto na kuachwa. Wazee wa ukoo waliketi Jumanne kuhusu jambo hili, wakabishana, wakakubali. Jana tulimpeleka Karambu akapaone. Alizunguka, akapakanyaga kidogo kwa mguu kama mtu anayejaribu kitanda, akasema, "Hapa pananitosha."

Bwana ampokee Mukami, na ampe pumziko jema.