Kaburi Langu na Ndugu Yangu Adan

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Bisharo weka hicho kikombe chini, maana sauti yangu haifiki mlangoni tena na sina nguvu ya kurudia. Nyumba hii ya Bula Pesa ni ya Bisharo, aliyeniogesha na kunigeuza kitandani, na Jattani alishakubali mbele ya sheikh. Mbuzi walioko Korbesa mgawane kama dini inavyosema, na nikisikia mmegombana juu ya mbuzi nitarudi niwachape.

Sasa lile lililonikaa moyoni. Daka Boru mnaijua kwa jina tu, kule kaskazini kwenye machimbo, safari ya kutwa kwa lori, lakini mimi siku hizi kila nikifumba macho niko kule. Mvua ikikatika, mji mzima hutoka ukatembea kichwa chini, hata imamu, kwa sababu maji yameosha mawe ya kijani ya thamani, na mgeni angedhani wote tumepoteza kitu kimoja. Wanaume walichimba mashimo vile sisi Waborana tunavyochimba visima, wamesimama mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo kwa wimbo wa kunyweshea ngamia. Ngamia wa watu walisikia ule wimbo wakaja, wakasimama kwenye shimo kavu wakingoja maji, na mimi niliwahurumia mpaka nikalia.

Na kuku! Kuku wa Daka Boru hauzwi akiwa hai, kwa kuwa humeza chochote kinachong'aa. Mgeni atakula paja, atakula kidari, lakini firigisi hupasuliwa na mwenye kuku mbele ya watu wote.

Kuku wangu mwekundu alizoea kudonoa kwenye mchanga wa shimo la Adan, ndugu yangu wa baba na mama, lililopakana na shimo la baba yenu Molu. Siku ya Idi Molu akamchinja, Adan akiwa mgeni wetu, nikapasua firigisi, na jiwe likaanguka kwenye sinia, kubwa kama punje ya hindi. Adan akasema mchanga ni wake. Molu akasema kuku ni wa nyumba yake. Wazee wakaamua kwamba desturi inamjua mwenye kuku, haimjui mwenye mchanga, lakini jiwe lisiuzwe mpaka hao wawili wapeane mkono. Hawakupeana. Hasira hasara, wanangu: tulihamia hapa Isiolo, Molu akazikwa shemeji yake hayupo, na jiwe ndilo hili nimelifunga kwenye pindo la leso yangu.

Adan alikosea, na sitasema vingine eti kwa sababu nakufa. Lakini ndiye aliyenibeba mabegani tukivuka mto Ewaso nikiwa mdogo, maji yakimfika kifuani, akiniambia nitazame mawingu nisitazame chini. Hakuna mwingine aliye hai anayenikumbuka nikiwa mtoto. Ninamtaka, wanangu. Ninamtaka kuliko dawa.

Jattani, jana ulisema nje hapo, mkidhani mgonjwa ni kiziwi, kwamba huyo mzee hatakanyaga kaburi la mama yako. Kaburi ni langu, mwanangu, si lako. Wagombanao ndio wapatanao, na wewe ugomvi huu uliukuta, hukuuanzisha. Maiti yetu haingoji, unajua, na Daka Boru ni mbali, kwa hiyo nenda leo, panda lori la ng'ombe likirudi tupu. Usimpigie simu, atakata. Mpe salaam, mpe jiwe kabla hajauliza, halafu umwambie: "Dada yako Wato anataka uingie kaburini wewe kwanza, umpokee akishushwa."

Wewe utashika miguu. Kichwa... kichwa apokee Adan. Msilie kwa kelele, mtawatisha mbuzi wa jirani. Bisharo, nipe maji kidogo... basi, yatosha.

Mungu awape mvua ya saa yake na maziwa yasiyokauka. Awape watoto watakaowazika. Awafanye mpendane nikiwa sipo... Mimi nimewaridhia, wote wawili, nimewaridhia kabisa.

Kuna baridi. Leso hiyo, fungua pindo... mpe kaka yako.

Jattani, bado umeketi? Nenda, baba. Nenda.