Mama Kidevu Atoka Chumba cha Leza

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, muuguzi wetu wa chumba cha leza anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Tarehe hiyo imeshasogezwa mara mbili kwa ombi lake. Safari hii haisogei.

Alianzia wodini, akahamia kliniki ya macho, na mashine ya leza ilipoletwa akaifanya yake. Kazi yake ilikuwa kushika kichwa cha mgonjwa, kidevu kikiwa juu ya egemeo la mashine, kisiyumbe mpaka daktari amalize. Kwa jinsi alivyokuwa akiamuru "Kidevu!" kila mtu alipojisogeza, jina la Mama Kidevu likamganda.

Ametuchosha, tuseme ukweli. Likizo zake alizikatisha. Waliotolewa mtoto wa jicho, kisha wakaanza kuona ukungu, aliwakaripia kwa kukaa nyumbani wakilalamika kuwa upasuaji umeharibika, wakati leza huusafisha ukungu huo kwa dakika chache. Wenye glaukoma, ile presha ya macho, walikiona cha mtema kuni wakiacha dawa ya matone eti kwa sababu hawaumwi. Aliwapigia simu, akawapigia wake zao, akawapigia hata mashemeji.

Na lile toroli la vifaa! Kila siku aliligonga kwa nyonga ya kushoto, kila siku akatugombeza kwamba tumeliacha njiani. Tulilihamisha, akaligonga hukohuko.

Mwaka huu kikaletwa kifaa kipya cha kupima presha ya jicho, tukamkalisha yeye tukijaribie. Kikasoma juu mno. Tukasema ni kibovu. Akapimwa daktari, akapimwa dereva, akapimwa dada wa usafi: kifaa kizima kabisa. Mtu aliyepima macho ya nusu ya mji hakuwahi kuketi kwenye kile kiti yeye mwenyewe! Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshapoteza sehemu kubwa ya uoni, na uoni huo haurudi.

Tulibishana naye wiki nzima. Foleni ndefu, alisema, yeye atafuata baadaye. Daktari akamweleza waziwazi kuwa leza haitarudisha kilichopotea, ila inaweza kukilinda kilichobaki, nacho si kingi. Hapo akaketi kwenye kiti cha leza. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Sijaona mgonjwa msumbufu namna ile: alimwelekeza daktari, akaikosoa mikono yangu, akatikisika. Nilimfokea huku machozi yananitoka.

Siku yake ya kurudi kupimwa hakuonekana kwenye benchi. Alikuwa ndani, kashika kichwa cha mtu mwingine.

Dada yetu mkubwa, asante kwa macho yote uliyoyaokoa kwa kelele zako. Tunakuombea pumziko jema na miaka mingi ya kuwaona wajukuu wako. Ratiba ya matone anayo binti yako, na ufunguo wa chumba tumeuchukua. Jumanne ijayo pitia mlango wa mbele, chukua namba, ukae na wagonjwa wenzako. Usipokuja, tutakufuata kwako.