Oteng Mmolawa na Kikombe cha Maji (1983–2022)

Marehemu Oteng Mmolawa alizaliwa Molepolole tarehe 3 Septemba 1983, kitindamimba wa Mzee Kgosietsile na Mama Bonang Mmolawa.

Alisoma hapa hapa hadi kidato cha tano, mwaka 2001, kisha akajifunza ufundi wa pampu za visima Gaborone. Alikuwa msemaji kupita kiasi. Mwalimu wake alimhamisha dawati mara nne, mwisho akamkalisha peke yake pembeni. Akaanza kuzungumza na ukuta.

Tangu 2005 alitengeneza pampu kwenye malisho ya ng'ombe. Mwaka 2010 alimwoa Gaone, wakajaliwa binti, Wame.

Mwaka 2014 alichaguliwa kushindana katika kipindi cha televisheni: watu kumi na wawili, siku thelathini na sita kwenye uwanda wa chumvi, chakula kidogo, maji ya kupimwa, kamera usiku na mchana. Alirudi amepungua kilo kumi na tisa. Tangu hapo, kabla ya kusema jambo la maana, alishika kwanza ukosi wa shati, pale walipokuwa wakimfunga kinasa sauti.

Kwa furaha, familia ilichinja ng'ombe na kuweka televisheni uani ili mtaa wote utazame naye kipindi cha mwisho. Walimkalisha mbele, kiti cha heshima. Ndipo wakamwona kwenye televisheni, alfajiri, akifungua pipa la maji la wote, akijaza kikombe na kukipeleka mdomoni. Picha ikakatwa hapo.

"We Oteng! Kumbe ndiyo maana hukufa kiu!" mjomba wake, Mothusi, alipiga kelele. "Ficheni ndoo, jamani, mwizi wa maji karudi!"

Watu walicheka. Ulikuwa utani wa mjomba na mpwa. Marehemu aliinuka, akaaga kwa adabu, akaenda kulala. Tangu siku hiyo hakunywa maji mbele ya mtu.

Alihamia malishoni. Mkewe alivumilia hadi 2017, kisha akarudi kwao Serowe na mtoto. Kila mwisho wa mwezi dada wa marehemu, Tshenolo, alimpelekea unga na nyama, akakaa naye kutwa akitamani kumsikia akipayuka kama zamani.

"Sema basi, hata unitukane."

"Dada, nasikiliza pampu."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alilazwa Mei mwaka huu. Wodini alimuuliza dada yake, "Wanarekodi?"

"Hakuna mtu. Ni mimi tu."

"Basi kaa."

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Juni, saa kumi na moja alfajiri.

Juzi, kwenye maombi ya jioni, alifika mama mmoja aitwaye Segametsi, kutoka Maun, aliyeshindana na marehemu kwenye kipindi kile.

"Yale maji niliyanywa mimi," alisema. "Nilikuwa nazimia. Yeye aliyaonja tu asije akaninywesha ya chumvi. Mkataba umetufunga midomo miaka kumi, lakini nyinyi ni damu yake. Hakuwaambia?"

Mjomba Mothusi ndiye aliyejibu: "Hatukumuuliza, mama."

Familia imetaka haya yasomwe kaburini kwa sauti, mbele ya mtaa ule ule.

Marehemu ameacha mama, mke, binti wa miaka kumi na mmoja, dada, na mjomba, ambaye ndiye aliyeomba kuyasoma maneno haya.

Mpwa wangu Oteng, hukuiba. Lala kwa amani.