Mama Povu na Kiwanja cha Kona ya Mto

Ndugu, jamaa, majirani wa bonde lote, na nyinyi wageni mliokalishwa viti vya mbele chini ya turubai, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Anayewasomea ni mdogo wake marehemu, yule wa mwisho, aliyepewa kazi hii na wanawe. Jana jioni mtu wa kiwandani alinivuta pembeni, akaniomba kwa upole nisome kwa kifupi, na habari za mto niziache, maana leo ni siku ya kuomboleza. Nilimjibu kwamba nitajaribu. Nimejaribu usiku kucha, na nikiutoa mto kinachobaki ni kwamba alizaliwa na akafa, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu, ambaye bonde zima lilimwita Mama Povu, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1953, katika ile nyumba ya matofali iliyo upande wa juu wa daraja, mtoto wa kwanza wa fundi matofali na mkulima wa mboga, zama ambazo mto ulikuwa na matete pande zote mbili, vyura walipiga kelele mpaka mgeni anakosa usingizi, na mwenye kiu aliinama tu akanywa. Alisoma shule ya msingi hapahapa bondeni kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, akamaliza na alama nzuri za hesabu na sifa mbaya ya kuwajibu walimu, sifa ambayo, kama mnavyojua wote, hakuiacha.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hoteli ya stesheni, akajifunza kutia bluu, kutia wanga, na kupiga pasi ya mkaa bila kuacha alama, na mwaka 1974, baada ya kugombana na meneja juu ya mashuka ambayo meneja alidai ni safi na yeye akasema si safi, alirudi nyumbani na kufungua udobi wake katika kiwanja hiki tulichokaa, kiwanja cha kona ya mto, alichopewa na marehemu baba. Kilikuwa chumba kimoja, meza ndefu, kabati la nguo zilizo tayari, na kamba za kuanikia huko nyuma, na maji aliyateka pale chini penye mawe.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na mfumaji wa majamvi ya matete, mtu mpole kupita kiasi, ambaye watu walisema atamezwa mzima mzima, lakini waliishi kwa kucheka miaka yote, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kiume na wawili wa kike, ambao wote wako hapa.

Kiwanda cha ngozi kilifunguliwa huko juu mwaka 1988, na naomba isemwe wazi kwamba dada alifurahi kama wengine, akapiga vigelegele siku ya kukata utepe, na hata kijana wake alipokua akaajiriwa huko aliifua sare yake ya kwanza kwa mikono yake mwenyewe. Halafu bomba la maji taka likaanza kumwaga. Matete yalikauka kuanzia mizizi, mboga zikaungua majani kama zilizomwagiwa maji ya moto, mbuzi wakaharibu mimba, vyura wakanyamaza, na mfumaji akakaa barazani akikunja na kukunjua vidole kwa kukosa cha kufuma, mpaka alipotutoka tarehe 3 Machi 2004. Mkurugenzi wa kiwanda, ambaye huku bondeni tunamwita Shati Jeupe, na ambaye leo amekuja kutufariji, karibu sana bwana, alisimama katika kila mkutano akasema maji yamepimwa, ni salama, na anayelalamika ana wivu na maendeleo.

Bonde likapasuka. Wanaokula mshahara wa kiwanda na wanaokula jasho la mto wakaacha kusalimiana, ndugu wa tumbo moja wakawa wanapishana darajani kila mmoja anaangalia upande wake, na harusini watu wakaketi makundi mawili kama timu za mpira. Nyumba ya dada nayo haikupona. Kijana wake alikuwa akipitia mlango wa nyuma, akakuta chakula kimefunikwa, akala, akaondoka, na mama na mwana hawakusemezana kwa miaka, ingawa chakula hakikukosekana hata siku moja.

Hapo ndipo Shati Jeupe alipofanya kosa ambalo yeye peke yake angeweza kulifanya. Mama Povu alikuwa amemchachafya mkutanoni mbele ya wageni wake, naye akadhani mama wa watu ana njaa, akamtuma dereva na furushi la mashati yake na vitambaa vyeupe vya meza za kiwandani, ili apate kazi, ashukuru, anyamaze. Dada alishukuru. Nguo za wateja wengine wakati huo alizifua kwa maji ya mvua ya kwenye matangi, lakini za huyu bwana alizipeleka mtoni, chini kidogo ya bomba, akazifua kwa bidii, akazisuuza mara mbili, akazitia wanga, akazipiga pasi, akazikunja vizuri kabisa. Jumamosi mwenyewe akaja mbio, shingo imemtoka vipele, dukani watu wamejaa.

“Mama, hizi umezifulia maji gani?”

“Ya mto, Bwana Mkubwa. Si ulisema ni salama?”

Aseme maji ni machafu, hawezi. Aseme nguo ni safi, zimekuwa rangi ya chai na ziko mezani watu wanaziona. Akaziacha palepale, akatoka. Jumatatu wakaja maofisa, wakaufunga udobi wa dada kwa kosa la kuchafua mto. Kwa sabuni. Mmesikia vizuri, na sitarudia.

Marehemu alianza kuugua mwaka 2019, mikono ikapasuka, miguu ikavimba, na figo zikachoka. Daktari wa kiwanda alimwangalia akiwa amesimama mlangoni, akasema ni sabuni na uzee. Daktari wa hospitali kubwa alimpima damu, akakaa naye kitandani, akamwambia kwamba damu yake imejaa sumu ya dawa za kulainishia ngozi kiwandani, na dada akamjibu kwamba hilo alilijua tangu majamvi yalipokwisha, ila alitaka kulisikia kutoka kwa mtu aliyesoma.

Mwezi wa Aprili mwaka huu wa 2022, Shati Jeupe alimtembelea mgonjwa nyumbani, akaleta matunda na karatasi. Kiwanda kinataka kutoa bomba la pili, kubwa kuliko la kwanza, na njia pekee inayofaa ni kupitia kiwanja hiki. Dada aliyapokea matunda, karatasi akaipa mgongo. Yule bwana alipotoka nje alimkuta kijana wetu, mfanyakazi wake, akamshika bega na kumwambia, “Tutasubiri. Mama yako hana muda, na nyinyi watoto mna akili.”

Siku hiyo kijana alipitia mlango wa mbele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akalia, akamweleza mama yake kila kitu, pamoja na kwamba vigingi vyekundu vya kuonyesha njia ya bomba ni yeye aliyetumwa kuvipigilia. Dada hakumlaumu. Alimpangusa uso kwa ncha ya shuka, akamuuliza bomba linapita wapi hasa, naye akamweleza, na Mama Povu akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Alifariki tarehe 17 Mei, alfajiri, wanawe wote watatu wakiwa wamemzunguka.

Familia inamshukuru daktari wa hospitali kubwa kwa kusema kweli. Inamshukuru pia daktari wa kiwanda, ambaye jina lake tumempa mwanasheria. Inawashukuru majirani waliochota maji ya mvua wakamletea mgonjwa, na wale waliokwenda kushuhudia kwamba mto umeharibiwa na sabuni yake, kwa kuwa leo wamekuja, na wamepewa chai kama wengine. Inawashukuru madobi wenzake waliotandaza kitambaa juu ya jeneza. Nimesikia watu wakinong'ona kwamba familia imekosa hata kitambaa cheupe. Kilikuwa cheupe. Ni kile cha meza kilichoachwa dukani, Bwana Mkubwa, nguo yako imekuwa tayari siku nyingi.

Na wale waliopita kaburini wakashangaa kwa nini dada halazwi kando ya mumewe kule mlimani, bali hapa kiwanjani, katikati, baina ya vigingi viwili vyekundu, wajue kwamba pameonyeshwa na aliyevipigilia, akalichimba mwenyewe, na jana aliirudisha sare ya kiwanda ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Mwanasheria ametueleza kwamba kaburi halihamishwi bila watoto wa marehemu kukubali. Watoto ni hawa watatu. Watazameni vizuri.

Ningepaswa sasa kumwambia dada apumzike kwa amani, lakini aliniusia nisiseme hivyo, maana hakwenda pale kupumzika. Basi lala hapohapo, Dada. Lala hapohapo, wala usimpishe mtu.