Nilimuita Mukwe Wangu Cousine

Watu wa Mungu, jina la Bwana litukuzwe hapa ndani! Ndiyo, ni mimi. Mulinizoea nikipanga viti na kunyamazisha batoto, lakini leo pasteur amenipa micro, na hatanipokonya mupaka nimalize.

Ndugu zangu, nilikuwa muongo. Muongo wa kuomba na kufunga! Mutoto wangu Nadège, infirmière, muuguzi wa hospitali kule Jette, hapa ugenini, anaishi na Solange miaka mingi. Munamujua Solange. Niliwaambia ni cousine yake, mutoto wa kaka yangu wa Likasi. Na ile Kiswahili yake yote ya Bukavu, si ya Likasi hata kidogo! Mulimeza, nikashukuru Mungu. Kwetu kila muntu ni cousine wa muntu, nani atauliza?

Bon. Bale babili balioana ku commune, mbele ya serikali. Sikuenda, nilisema mugongo inaniuma. Kisha bakaanza kutafuta mutoto wa adoption, wa kulea kuwa wao. Weee, ile njia ni ya machozi! Inchi za inje zinakataa kutoa mutoto kwa banamuke babili. Kwetu Congo usiulize hata. Batoto ba hapa ni kidogo, foleni ndefu. Na mbele ya yote, tribunal, ile korti, inatuma muntu wa kuchunguza nyumba, anaongea na familia pia.

Njo assistante sociale, ule muntu wa tribunal, alifika kwangu. Nilimupikia beignets, mandazi yetu. Akaniuliza kwa upole Solange ni nani kwangu. Eeh Mungu! Mudomo ilienda peke yake: "C'est une cousine, madame." Kuzoea tu! Kisha nikaogopa kugeuza maneno. Akauliza kama nitamupokea mutoto kuwa mutukuu wangu. Nikasema mutoto wa bantu ni mutoto wa bantu; ndiyo haikutoka. Akaandika, akamaliza chai yake, akaaga vizuri.

Juge, yule hakimu, alikataa. Ku karatasi iliandikwa kwamba familia inaficha, na mutoto hawezi kuletwa ndani ya siri. Nadège alinisomea ile phrase ku téléphone, polepole, akakata. Mwaka muzima sikusikia sauti yake. Noël nilipika pondu, majani ya muhogo, ya bantu dix, kumi nzima, nikakula peke yangu, ingine nikatupa.

Nikafanya nini? Nikafunga! Vingt-et-un jours, siku ishirini na moja, nikiomba Mungu amufungue mutoto wangu. Asubuhi moja, ndani ya tram, naomba kimoyomoyo, naona bibi mumoja anamuvalisha mutukuu wake kofia. Ndugu zangu, nililia mbele ya bantu bote! Yule mutoto wetu ambaye hajafika, mimi ndiye nilimufungia mulango. Naombea Nadège afunguliwe, kumbe kamba iko ku shingo yangu!

Nikashuka, nikaenda kwao. Solange akafungua. Nikapiga magoti palepale ku ngazi, na hii miaka yangu soixante-huit, sitini na nane. Akasema, "Maman, simama, huku chini ni baridi." Basi. Hakusema amenisamehe. Mupaka leo hajasema.

Balianza upya: kozi, makaratasi, uchunguzi. Mara hii nilisema kweli, na juge akakubali. Lakini mutoto hajafika. Huu ni mwaka wa pili. Chumba iko tupu, na Nadège anafunga mulango yake asiione. Sitawadanganya tena: labda hatafika. Inaniuma sana.

Hata hivyo nashukuru! Bwana alinitoa ndani ya uongo, na mutoto wangu ananiita Maman tena. Wewe unayemuficha mutoto wako kama nilivyomuficha wangu, mwegemee Mungu, sema kweli. Utaogopa, lakini hatakuacha.

Naona bamama ba banc ya mbele munaangalia chini. Angalieni tu. Solange ni mukwe wangu. Siku ile mutoto akifika nitamubeba mimi mwenyewe mupaka hapa mbele abarikiwe, na nikikosa muntu wa kusema amina, nitaisema mimi.