Beartla na Dakika Arobaini za Mikwaju

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuuhudumia mradi wetu wa maji hapa kijijini Ros Cuilinn, Beartla Ó Maoilchiaráin anastaafu tarehe 30 Juni. Mabomba ya kaya zote mia mbili na kumi anayajua kwa kichwa, na ramani hajawahi kuchora.

Kiayalandi amezaliwa nacho, na kwa kukizungumza hana mpinzani. Kukiandika hakufundishwa, kwani shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitatu, akaenda kuchimba mitaro Uingereza. Alipofikisha hamsini na sita alijiunga na darasa langu la Jumatano la kuandika Kiayalandi kwenye kompyuta, akiandika kwa kidole kimoja. Mikwaju midogo inayokaa juu ya irabu zetu ilimtoa jasho kuliko sepetu: unashikilia kitufe kimoja ukibonyeza kingine, na vidole vyake vinene vilibonyeza vitatu. Nami, nikijiona mjuzi, nilizungushia makosa yake wino mwekundu na kuyabandika ubaoni katika ofisi ya mradi. Watu walicheka. Naye alicheka, nikadhani yamekwisha.

Ikaja ile Jumanne ya Novemba, miaka minane iliyopita. Sisi wengine tulikuwa kanisani kumzika mwalimu mkuu wa zamani, simu zimezimwa. Beartla, peke yake mtamboni, akapokea majibu ya maabara: maji yana vijidudu. Ilibidi kaya zote zitumiwe ujumbe wa simu, tena kwa Kiayalandi, maana huku kwetu ujumbe wa Kiingereza hudhaniwa ni wa benki, hufutwa bila kusomwa. Maneno yenyewe hayakuwa mengi: chemsheni maji, msinywe ya bombani. Aliyaandika kwa dakika tano. Dakika arobaini zilizofuata alipambana na mikwaju, akiuogopa ubao wangu.

Katika dakika hizo Baibín Ní Éanaí, mama wa miaka themanini na mmoja ambaye magoti yalimzuia kwenda mazishini, alimezea dawa zake glasi mbili za maji ya bomba. Alilazwa siku tisa, na siku tatu za kwanza hatukujua kama angerudi nyumbani. Beartla alishinda kwenye korido ya hospitali, kofia mkononi, hali wala hanywi.

Baibín alipopata nafuu akasimuliwa yote, alimtazama Beartla, nami nimesimama nyuma yake. "We Beartla, mjinga we. Ungeniandikia hata kwa mkaa ningesoma." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mwenye kalamu, mbona umenyamaza?"

Ubao niliung'oa siku hiyohiyo.

Nilidhani Beartla hatakanyaga tena darasani. Jumatano iliyofuata alifika wa kwanza, na tangu hapo ametuletea wazee kumi na mmoja. Kila mgeni humpa agizo moja: "Andika, tuma. Mikwaju itakuja na basi la kesho." Februari mwaka huu bomba kuu lilipopasuka, tangazo lake lilitufikia kwa dakika nne, mikwaju miwili ikiwa imepungua. Hakuna aliyeugua.

Kamati ya mradi na wanakijiji wanakushukuru, Beartla, na wanakuombea afya na siku nyingi za furaha. Kwangu mimi shukrani hazitoshi. Nilimfundisha mtu mzima kuiogopa lugha ya mama yake, na nusura jirani yetu afe kwa hofu hiyo. Nisamehe.

Ríona Ní Ghríofa, katibu