Msiifupishe Hotuba Ile

Sogeeni, wanangu. Renti, keti hapa kitandani. Na wewe Hagari acha kulia, bado sijafa, machozi yako yawekee kesho.

Mnajua vita vya Kaskazini na Kusini vilipokaribia kwisha nilikuwa Washington, nikiwafulia nguo askari wetu weusi. Siku rais yule aliyetutangazia uhuru alipoapishwa mara ya pili nilisimama matopeni, nikamsikia kwa masikio yangu akisema kwamba watu wote walijua utumwa ndio uliosababisha vita. Wote walijua! Nililia, maana sisi tuliochapwa tulikuwa tumetajwa. Ndiyo sababu kila Mwaka Mpya, siku yetu ya uhuru, niliisema hotuba ile kwa kichwa kanisani hapa kisiwani, mpaka pumzi ziliponiishia nikakuachia wewe, Renti, kwa kuwa ni mwalimu.

Nawe Mwaka Mpya uliopita ukairuka! Ukatusomea hotuba ya rais huyu wa sasa, ushujaa wa pande zote mbili na ndugu waliopatana, utumwa hata kuutaja hakuutaja. Nilipokuuliza ukasema, "Mama, mkaguzi mzungu alikuwa amekaa pale mbele. Watafunga shule." Nikakununia mwaka mzima, hata wali wa kwako sikuugusa.

Lakini Mwaka Mpya huu, mliponibeba na kiti changu, mkaguzi yuleyule akiwa palepale, uliisoma yote. Ulipofika pale rais anaposema juu ya damu yetu iliyomwagwa kwa mjeledi sauti ikakukatika, mzee Kajo akapaza, "Sema, mwalimu! Unamwonea haya nani?" Ukasema. Mwanangu, nilijiona mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Wakikufukuza kazi, rudi shambani. Bwana aliyetumiliki alilikimbia mizinga ilipolia, mimi na baba yenu tukalinunua. Ni lenu nyote wawili, msiligawe wala msiliuze hata kwa mzungu anayetabasamu. Hagari, usimcheke kaka yako akishika jembe kama chaki.

Mkinizika, kikombe nitakachonywea mwisho kivunjeni, mkiweke juu ya kaburi kama tulivyomfanyia baba yenu.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Mungu awabariki, awape wajukuu zangu vifua vya kusemea. Renti, mkono wako uko wapi? Niliogopa sana nisije nikazikwa na maneno yale. Yasome yote... kila mwaka, hata akija mkaguzi mwingine... Mimi sasa naweza kunyamaza.